Aliyegongwa naye ni mteja wenu: barua ya wazi kwa wanaosimamia na kuuza bima ya magari

Kwa:
Wakuu wa mamlaka za usimamizi wa bima,
Watendaji wakuu wa kampuni za bima ya magari,
Wabunge na watunga kanuni za usalama barabarani.

YAH: FIDIA KWA WATEMBEA KWA MIGUU WANAOGONGWA NA MAGARI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote, kisha niingie kwenye shida iliyonileta, maana barua za faragha nimeshaziandika na zimelala kwenye mafaili yenu.

Dada yangu aligongwa na gari akiwa katikati ya kivuko cha waenda kwa miguu. Gari lilikuwa na bima hai. Dereva hakukimbia wala hakukana. Mtu angedhani hakuna dai jepesi kuliko hilo. Tulichopata ni kuzungushwa. Kampuni ya bima ilitaka tumlete mwenye gari. Mwenye gari akasema ameshakabidhi kila kitu kwa kampuni. Polisi wakasema ripoti iko tayari ila lazima iombwe rasmi na kampuni, na kampuni ikasema haiwezi kuendelea kwa sababu inasubiri ripoti. Dawati la malalamiko lilitupa namba ya kumbukumbu. Mamlaka ya usimamizi ikatujibu kwa upole kwamba suala linafanyiwa kazi. Dada bado anatembelea magongo, na deni la hospitali tumegawana ndugu.

Kampuni hiyo siitaji, na si kwa woga. Nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki ya mifupa na chumba cha mazoezi ya viungo kiasi cha kusikia kisa hichohicho kutoka kwa watu waliogongwa na magari yenye stika za kampuni tofauti kabisa. Nikiitaja moja, zilizobaki zitashusha pumzi. Ninacholalamikia ni utaratibu, na huo mnao nyote.

Kabla ya malalamiko yenyewe, naomba nikumbushe jambo mnalolijua kuliko mimi, ila inaonekana halijafika kaunta. Agosti 1896, jijini London, mwanamke aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na gari kwenye viwanja vya Crystal Palace akafariki. Ndiye anayetajwa kuwa mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari nchini Uingereza. Uchunguzi uliamua kuwa ni kifo cha bahati mbaya, basi. Ilipita zaidi ya miaka thelathini hadi sheria ya barabara ya mwaka 1930 ilipomlazimisha kila mwenye gari nchini humo awe na bima ya kuwalipa watu anaoweza kuwaumiza. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilikuwa limetangulia mwaka 1927. Ufaransa ilifuata mwaka 1958. Na katika nchi nyingi za Afrika zilizotawaliwa na Waingereza, sheria za bima ya magari ni watoto na wajukuu wa ile ya 1930.

Tazameni sheria hizo zinalazimisha nini. Hazimlazimishi mtu akatie bima gari lake lisiibwe wala lisiungue. Hiyo ni bima kubwa, na anayeitaka anaichukua kwa hiari yake. Kinacholazimishwa ni bima ndogo, ile ya kumlipa mtu mwingine. Serikali imeingiza mkono kwenye mfuko wa mwenye gari kwa ajili ya yule anayeumizwa na chombo asichokiendesha. Kwa hiyo aliyegongwa hajapenya kwenye mkataba wenu kwa mlango wa nyuma. Mkataba huo uliandikwa kwa sababu yake. Nanyi mmefaidika nao: ni biashara chache sana duniani ambazo askari wa barabarani anawasukumia wateja bila mshahara wenu.

Na hatuzungumzii watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa anatembea kwa miguu. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachowaua zaidi ya barabara. Wanaoumia bila kufa wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 20 na milioni 50 kwa mwaka. Hao ndio wanaokuja madirishani kwenu na bahasha za eksirei.

Haya ndiyo tunayolalamikia.

1. Aliyegongwa hahesabiki kuwa mdai

"Wewe si mteja wetu." Maneno haya tuliambiwa kwa tabasamu, na karibu kila familia niliyozungumza nayo imeambiwa hivyo. Mtu aliyelala wodini anadaiwa namba ya hati ya bima ambayo hajawahi kuiona, fomu ya madai iliyosainiwa na mwenye gari ambaye hamjui, na nakala ya leseni ya dereva ambaye pengine hapokei simu. Asipovileta, faili halifunguliwi. Faili lisipofunguliwa, siku hazianzi kuhesabiwa, na kwenye taarifa zenu za mwaka kampuni inaonekana inalipa madai yake kwa wakati.

Kumbukeni pia kwamba mwenye gari ana sababu ya kutotoa taarifa. Akifika mwisho wa mwaka bila dai, anapata punguzo la ada. Mmempa zawadi ya kunyamaza, halafu mnamwambia majeruhi kwamba bila neno la mtu huyo hamna la kufanya.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya aliyeumizwa ana haki ya kuidai kampuni ya bima moja kwa moja, na kampuni ina miezi mitatu ya kutoa ofa au kueleza kwa hoja kwa nini haitoi. Uingereza wana kanzidata ya bima za magari. Ukigongwa na ukajua namba ya gari, unaweza kuuliza limekatiwa bima kampuni gani. Hayo si maajabu ya sayansi. Askari wa barabarani mwenye simu mkononi anaweza kujua papo hapo kama bima ya gari imeisha. Taarifa hiyohiyo haishindwi kumfikia aliyevunjwa mguu na gari hilo.

2. Aliye kitandani ndiye anayetakiwa kuthibitisha kosa

Hapa ndipo madai mengi yanapofia, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa kidogo.

Ajali ikitokea, dereva anabaki na simu, na akili yake timamu, na miguu miwili. Anamsubiri askari, anaeleza, anaonyesha kwa kidole. Mchoro wa ajali unachorwa kwa kufuata maelezo hayo. Aliyegongwa wakati huo yuko kwenye gari la wagonjwa, au yupo palepale hajitambui. Anapozinduka, kisa chake kimeshaandikwa na mtu mwingine, nacho kina sentensi moja inayojirudia faili hadi faili: alijitokeza ghafla.

Alijitokeza ghafla. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Mpeni dereva sekunde moja tu ya kushtuka, atakuwa amekula mita zote hizo kabla mguu haujagusa breki, na bado gari halijaanza kupungua mwendo. Kwa hiyo dereva anayesema mtu alijitokeza ghafla, kwenye mtaa wa makazi au karibu na shule, mara nyingi anakiri kwamba alikuwa na kasi isiyomruhusu kusimama mahali ambapo watu hutarajiwa kuvuka. Kwenye mafaili yenu sentensi hiyo inasomwa kinyume, kama hatia ya aliyegongwa.

Kasi yenyewe haigawi maumivu sawa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kwa mtembea kwa miguu aliyegongwa na sehemu ya mbele ya gari, hatari ya kufa huongezeka mara 4.5 mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Kwa dereva aliye ndani, amefunga mkanda, tofauti ya kumgonga mtu kwa 50 au kwa 65 ni bampa na kioo. Wawili hawa walioingia barabarani, mmoja amebeba tani nzima ya chuma na mwingine amebeba mfuko wa sokoni, mnawapima kwa mizani moja ya uzembe na kuita hiyo haki.

Wenzenu waliliona hili zamani. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 5 Julai 1985 iliyopewa jina la waziri wa sheria wa wakati huo, Robert Badinter, iliamua kwamba mtembea kwa miguu aliyeumia mwili hawezi kunyimwa fidia kwa hoja ya uzembe wake, isipokuwa kosa lake liwe halisameheki na liwe ndilo chanzo pekee cha ajali. Kwa watoto wa chini ya miaka 16, wazee wa zaidi ya 70, na wenye ulemavu mkubwa, hata hilo halitazamwi: wanalipwa, labda tu iwe wamejitakia madhara kwa makusudi. Uholanzi, mtoto wa chini ya miaka 14 aliyegongwa na gari hulipwa hasara yake yote, na mtu mzima hulipwa angalau nusu hata kama naye alikosea, isipokuwa dereva athibitishe kwamba ajali ilikuwa nje kabisa ya uwezo wake au kosa la aliyegongwa likaribie kuwa la makusudi. Ujerumani imembebesha mwenye gari dhamana ya hatari ya chombo chake tangu 1909, na tangu 2002 mtoto ambaye hajatimiza miaka 10 hahesabiwi uzembe katika ajali ya gari, kwa sababu wataalamu waliwaeleza wabunge kile ambacho mzazi yeyote anakijua: mtoto wa umri huo hawezi kupima umbali na mwendo wa gari linalomjia.

Afisa madai aliyetuhudumia alituuliza kama dada alikuwa amevaa nguo za rangi ya kung'aa. Ilikuwa saa nne asubuhi.

3. Fidia inafika matibabu yakiwa yamekwisha, au yakiwa yameachwa

Bampa la gari dogo humpata mtu mzima gotini au chini ya goti, kisha mwili unarushwa juu na kichwa kinaishia kwenye boneti au kioo cha mbele. Magari ya juu, yale ambayo siku hizi kila mtu anayataka, hupiga nyonga na kifua. Mfupa wa muundi uliovunjika vibaya huchukua miezi kuunga. Ukiwa umetoboa ngozi, unahitaji kusafishwa na kupewa dawa mapema, la sivyo usaha unaingia na mguu uliokuwa wa kufungwa plasta unageuka mguu wa kujadiliwa kukatwa.

Mfupa hausubiri barua. Ninyi mnalipa mwisho: baada ya kosa kuthibitishwa, baada ya ripoti ya mwisho ya daktari, baada ya kamati kukaa. Hospitali inataka mwanzo. Kati ya mwanzo huo na mwisho wenu ndimo familia zinapouza ng'ombe, kiwanja, cherehani, na ndimo wagonjwa wanapoacha mazoezi ya viungo kwa sababu nauli imekwisha. Kisha daktari wenu anampima mgonjwa na kuandika kwamba ulemavu umechangiwa na kutohudhuria kliniki.

Njia zipo. New Zealand ilianzisha mfumo wake tarehe 1 Aprili 1974: aliyeumia katika ajali anatibiwa bila kuulizwa kosa ni la nani, na kwa ajali za magari fedha zinatoka kwenye tozo ya petroli na ada za usajili wa magari. Kama hilo linaonekana kubwa mno, tazameni jimbo la New York. Mtembea kwa miguu aliyegongwa analipiwa matibabu na sehemu ya kipato alichopoteza na bima ya gari lililomgonga, bila kujali nani alikosea, hadi dola 50,000. Kampuni ina siku 30 za kulipa au kukataa baada ya kupokea uthibitisho wa dai. Ikichelewa, riba ya asilimia 2 kwa mwezi inaanza kutembea. Ningependa sana kuona faili la dada yangu lingekuwa na mwendo gani kama kila mwezi wa ukimya ungekuwa na bei.

4. Majeruhi anasainishwa kabla hajajua ameumia kiasi gani

Kuna kusaini kwa aina mbili. Ya kwanza ni ya barabarani: "Tumalizane hapahapa, chukua hii ya dawa." Dereva analinda leseni na punguzo lake, na aliyegongwa ambaye mwili bado una moto hahisi maumivu. Damu inayovujia taratibu ndani ya fuvu inaweza kuchukua saa nyingi, hata siku, kabla ya kuonyesha dalili. Karatasi aliyoisaini akiwa ameketi kwenye ukingo wa barabara inakuja kutolewa baadaye kama ushahidi kwamba alisharidhika.

Ya pili ni ya ofisini kwenu, na hiyo ndiyo inayoniuma zaidi kwa kuwa inafanywa na watu waliosoma. Mgonjwa anaitwa baada ya miezi ya kupuuzwa. Anawekewa mezani kifuta machozi, pamoja na karatasi ndefu inayosema amepokea malipo kamili na hatadai tena, yeye wala warithi wake, leo wala kesho. Anaambiwa akikataa faili litarudi mwanzo. Huyu ni mtu anayedaiwa kodi ya nyumba. Atasaini. Asiye na mwanasheria, na mara nyingine asiyesoma vizuri lugha ya karatasi hiyo, anafunga kwa kalamu moja gharama za operesheni ya pili ambayo daktari wake bado hajaipanga.

5. Makosa ya mwenye gari yanamwadhibu aliyegongwa

Leseni ya dereva ilikuwa imeisha. Gari liliandikishwa la binafsi likakutwa linabeba abiria kwa malipo. Mwenye bima alichelewa kutoa taarifa. Hizo ni ugomvi wenu na mteja wenu. Lipeni kwanza, kisha mkamdai yeye. Sheria za nchi nyingi zinawapa haki hiyo tayari, na mna wanasheria wa kuitekeleza. Aliyegongwa hakuwa na namna ya kukagua leseni ya gari lililokuwa linamjia.

6. Waliogongwa na gari lisilojulikana, au lisilo na bima

Anayekimbia baada ya kugonga huwa na sababu: amelewa, hana bima, hana leseni, au gari si lake. Kwa maneno mengine, kadiri dereva alivyo mbaya zaidi, ndivyo uwezekano wa aliyegongwa kulipwa unavyopungua. Ufaransa iliunda mfuko wa kuwalipa watu hawa mwaka 1951, kabla hata ya kuifanya bima kuwa ya lazima kwa wote. Uingereza, tangu 1946, kampuni zote za bima ya magari zinachangia chombo kimoja kinacholipa pale dereva anapokosa bima, na baadaye kikaanza kulipa hata asipojulikana. India ilipandisha malipo kwa aliyegongwa na gari lililokimbia kuanzia Aprili 2022 hadi rupia 200,000 kwa kifo na 50,000 kwa majeraha makubwa. Fedha hiyo si nyingi, lakini kuna dirisha na kuna mtu wa kupokea fomu. Penye nchi isiyo na mfuko huu, au yenye mfuko ulioandikwa kwenye sheria na haujulikani ofisi yake iko wapi, naomba mtueleze tatizo ni nini hasa.

7. Hesabu ya fidia inadharau kazi zisizo na hati ya mshahara

Mama wa nyumbani aliyevunjika nyonga "hana kipato kilichopotea". Fundi, mchuuzi, mkulima mdogo "hana uthibitisho". Mtoto "hajaanza kuzalisha". Mzee "ameshastaafu". Kwa fomula hii mtu wa gharama kubwa kumgonga ni yule mwenye mshahara, na huyo ndiye anayetembea kwa miguu mara chache kuliko wote. Kuna namna za kupima kazi ya nyumbani, na ya wazi kabisa ni kuuliza ingegharimu kiasi gani kumlipa mtu aifanye yote: kupika, kufua, kubeba maji, kulea, kuuguza. Dada yangu alikuwa anamtunza mama yetu. Sasa wanahitaji mtunzaji wote wawili, na kwenye fomu yenu hakuna mstari wa kuandika hilo.

Najua majibu mtakayotoa, kwa kuwa mengine nimeshayapokea.

Mtasema ada zitapanda. Huenda zikapanda. Gharama ya mguu uliovunjika haipotei kampuni ikikataa kulipa. Inahama tu, inakwenda kwa familia ya aliyegongwa na kwa hospitali ya umma, yaani kwa watu wengi wasiomiliki gari kabisa. Kama kuendesha gari kuna gharama ya kuumiza watu, mwenye kuendesha ndiye aichangie. Ufaransa wako na sheria yao tangu 1985 na kampuni za bima ya magari hazijafunga milango.

Mtasema kuna udanganyifu. Upo, sibishi. Wapo wanaotengeneza ajali za kwenye karatasi, na wapo mawakala na hata watumishi wenu wanaoshiriki. Dawa yake ni kukagua nyaraka mapema, wakati daftari la mapokezi la hospitali bado liko wazi na mashahidi bado wanakumbuka. Kukaa na dai hadi kila mtu asahau hakumzuii tapeli, kwa sababu tapeli ana muda. Asiye na muda ni mgonjwa.

Mtasema watu watavuka ovyo wakijua watalipwa. Hili nimelisikia kwa masikio yangu kutoka kwa mtu aliyevaa tai. Sina cha kumjibu zaidi ya kumwalika wodini.

Mtasema mahakama zipo. Zipo, na muda wa kufungua kesi unakimbia huku mkituambia tusubiri. Wanasheria wenu wanalipwa kila mwezi, kesi iende isiende. Wa kwetu, tukimpata, anachukua fungu la fidia ambayo tayari haikutosha.

Na ninyi wasimamizi mtasema kazi yenu ni kuhakikisha kampuni zina mtaji wa kutosha. Ni kazi ya lazima, nawashukuru kwa hiyo. Lakini kampuni inaweza kuwa na mtaji mnene kwa sababu tu hailipi, na sioni kwenye taarifa zenu za mwaka mahali panapotofautisha hayo mawili.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

Kwa watunga sheria: mpeni aliyegongwa haki ya kuidai kampuni moja kwa moja, bila saini ya mwenye gari. Geuzeni mzigo wa uthibitisho pale gari linapomuumiza mtembea kwa miguu, na kwa watoto, wazee na wenye ulemavu ondoeni kabisa hoja ya uzembe. Anzisheni mfuko wa waliogongwa na magari yasiyo na bima au yasiyojulikana, uchangiwe na kila ada ya bima inayouzwa, na uwe na ofisi inayopokea watu.

Kwa wasimamizi: wekeni kwa kanuni malipo ya awali ya matibabu ndani ya siku 30 tangu hospitali ithibitishe majeraha, kosa lijadiliwe baadaye, na riba ihesabiwe kwa kila mwezi wa kuchelewa. Karatasi ya kumaliza dai lisilo na ripoti ya mwisho ya daktari isiwe na nguvu, na kila anayesaini apewe siku za kubadili mawazo. Kisha chapisheni kila mwaka, kampuni kwa kampuni kwa majina yao, madai mangapi ya watembea kwa miguu yamepokelewa, mangapi yamelipwa, mangapi yamekataliwa na kwa sababu gani, na kwa wastani yamechukua muda gani. Hili la mwisho halihitaji bunge. Mnaweza kulianza mwaka huu kwa waraka mmoja.

Kwa kampuni: wekeni dawati la waliogongwa, lenye mtu mwenye jina na mamlaka ya kulipa gharama za hospitali. Ripoti ya polisi ifuateni wenyewe, msimtume mtu mwenye magongo. Na barua ya kukataa dai iandikwe kwa lugha anayoisoma mdai, itaje kifungu cha sheria au cha mkataba mnachokitegemea, na ieleze rufaa inakwenda wapi na kwa muda gani.

Naomba jibu la maandishi kutoka kwa kila mliotajwa hapo juu, nami nitaliweka hadharani lote kama lilivyo, pamoja na lile litakalosema hamkubaliani nami. Mkitaka kuonana, nyaraka zote za dada ninazo, na wapo watu wa kliniki ya mifupa waliokubali kuja na za kwao. Tunaomba tu kikao kiwe kwenye ofisi isiyo na ngazi.

Natanguliza shukrani.

Wenu,
Ndugu wa aliyegongwa

Nakala: Vyama vya wamiliki na madereva wa magari, vyombo vya habari, madaktari na wauguzi wa wodi za mifupa.